Karatasi Kutoka Walsbach

Imekuja ndani ya bahasha ya kahawia
pamoja na picha mbili na kalenda ya mwaka uliokwisha.
Usharika rafiki, amesema mchungaji,
akanikabidhi mimi, kwa kuwa ni katibu
na kwa kuwa niliwapikia manesi wa Kijerumani miaka sita,
nikaokota maneno yao pamoja na maganda ya viazi.

Nikasimama mbele ya wazee wa kanisa, nikatafsiri.

Walsbach. Watu mia tatu na kumi na wawili.
"Hao ni wetu wa kwa Mwasandube peke yao," akasema Ambindwile.
Kijiji kimetajwa mara ya kwanza mwaka 1291,
katika hati ya watawa, kwa sababu ya deni la nafaka.
Tukacheka. Kumbe nao walianza kwa kudaiwa!
Karatasi ya kwanza ya Ikombolo nayo ni ya kodi:
rupia tatu kila nyumba,
na aliyekosa rupia alitoa mgongo.

Kina mto, upana wake mita nne.
(Wetu hakuna aliyewahi kuupima. Tunajua tu nani umemchukua.)
Kina kinu cha maji; siku hizi wageni hulipa kulala humo.
"Kinuni? Na unga je?"
Unga wananunua.
Kina mti mmoja uwanjani, mkongwe, una jina zuri,
Kiswahili chake sikukijua. Nikasema: mti.
Shule ilifungwa mwaka 1974, watoto waliisha.

Hapo pakawa kimya.
Tupokigwe, mwenye wajukuu kumi na mmoja,
na darasa la kwanza lina tisini na wanne,
akauliza polepole, kama anayeuliza habari za msiba:
"Watoto wanaishaje?"
Sikuwa na tafsiri.

Nikafungua ukurasa wa pili.
Mbele ya kanisa lao kuna ukuta wa majina,
vijana kumi na tisa wa vita ile ya kwanza.
La kumi na nne: Albrecht Noll. 1916. Afrika.

Noll.

Nyuma ya kanisa letu, chini ya mparachichi,
kuna jiwe. Kuvumwani kumekula pande zote,
zimebaki herufi tatu na nusu.
Tulipokuwa watoto tuliamini mchongaji alikosea,
kwamba jiwe lilikuwa linatuamuru: NOA.
Tukatii.
Miaka na miaka, kila asubuhi kabla ya shamba,
mundu, panga, kisu cha kukatia migomba.
Pale katikati pana mfereji sasa,
laini, unaenea kidole.

Bibi Syabumi hakushangaa.
"Ndiye yule wa machela," akasema.
Walimbeba wanne kutoka Njombe, ana homa, analia mama yake.
Mmoja alikuwa Mwaipyana, babu wa baba yangu,
aliyerudi na bega moja chini ya jingine
na hakutaka tena kubeba hata mtoto.
Mwingine Mwangoka. Alikufa kwa baridi kule Kipengere,
wakashusha machela, wakamfukia, wakainyanyua tena.
Wawili waliobaki bibi aliwasahau
na alikasirika kusahau, akapiga ubao wa benchi.

Mwisho wa barua wanaomba:
tuandikieni nanyi historia ya kijiji chenu
na vivutio vyake, isizidi ukurasa mmoja.

Nimeandika usiku, koroboi pembeni, umeme umekatika.
Tunalo jiwe lenu. Lina alama za panga. Mtuwie radhi.
Nikafuta radhi. Nikairudisha.
Waliombeba: Mwaipyana. Mwangoka.
Kisha mistari miwili mitupu,
nimeichora kwa rula isije ikadhaniwa nimepitiwa na usingizi.

Mchungaji amesoma, amevua miwani, amevaa.
"Na vivutio?"

Nikaongeza chini kabisa, kwa herufi ndogo:
mvua tunayo nyingi.